Gemu moja, majukwaa manne: RPG kubwa ikitoka, uilipie wapi?

Tarehe ya RPG kubwa, yaani gemu ndefu ya kuigiza mhusika ndani ya hadithi, ikishatangazwa, mabishano huanza pale pale: picha ya nani kali, fremu (picha zinazopita kila sekunde) za nani nyingi. Kwa gemu ya mpira au ya kufyatuliana risasi, ambayo raundi yake inaisha kabla chai haijapoa, mabishano hayo yana maana. RPG ni kitu kingine. Unanunua saa 80, 100, pengine 150, na zote zinakaa ndani ya faili moja la sevu, rekodi ya pale ulipofikia. Faili hilo likiharibika ukiwa saa ya 60, hakuna picha kali itakayokufariji. Kwa hiyo hapa majukwaa yanapimwa kwa jinsi yanavyorudisha pesa gemu ikitoka mbovu, yanavyoitunza sevu, na hali ya gemu yenyewe usiku wa kwanza. Yanayopimwa ni PlayStation 5, Xbox Series X na mdogo wake Series S, kompyuta ya Windows kupitia maduka ya mtandaoni ya Steam au GOG, na Nintendo Switch 2.

Pesa kwanza. Kulipia kabla ni kununua mbuzi aliye ndani ya gunia. Tofauti ya maduka ni lipi litakubali umrudishe. Steam inarudisha pesa ndani ya siku 14 tangu ununue, mradi hujacheza zaidi ya saa 2. Ukilipia kabla, unaweza kughairi wakati wowote gemu haijatoka, na hesabu ya siku 14 inaanza siku inapotoka. Linasikika vizuri, ila kwa RPG saa 2 ni kidogo mno. Kutengeneza sura ya mhusika kunaweza kumeza dakika 40, utangulizi unakula saa nzima, na muda unaohesabiwa ni ule ambao programu iko wazi, hata kama umeiacha kwenye menyu ukaenda kupika. Tena tangu Aprili 2024, saa unazocheza katika zile siku za mapema wanazouziwa wenye toleo ghali nazo zinahesabiwa. Dawa ni hii: mara ya kwanza chagua mhusika aliyekwisha tengenezwa, kimbia mpaka kwenye mji au uwanja wa wazi wa kwanza, pima mwendo, halafu amua. Sura nzuri utaitengeneza ukishajua kwamba gemu inabaki.

GOG wana siku 30, hata kama umeshapakua na kucheza, na faili la kusakinishia halina kufuli. Ukilihifadhi ni lako. Hakuna duka lingine katika haya linalokaribia hapo. Shida ni kwamba RPG nyingi kubwa haziwafikii siku ya kwanza. Cyberpunk 2077 na Baldur's Gate 3 zipo, na kwa gemu za namna hiyo sioni sababu ya kwenda kwingine, labda kama marafiki zako wote wako Steam.

PlayStation ndiyo ya kuangaliwa kwa macho mawili. Ukilipia zaidi ya siku 14 kabla ya gemu kutoka, unaweza kughairi mpaka siku ile. Ukilipia ndani ya siku hizo 14, una siku 14 tangu ulipe, lakini pale gemu inapoanza kupakuliwa haki hiyo inakwisha, isipokuwa gemu yenyewe iwe na kasoro. Na konsoli ikiwa imewekwa ipakue yenyewe, itaanza usiku ukiwa umelala. Zima upakuaji wa moja kwa moja kwenye gemu uliyoilipia, ngoja video za wachezaji wa PS5 zitoke, kisha bonyeza pakua kwa mkono wako. Xbox nao wana siku 14, kwa sharti la kutocheza sana. Maombi yanaangaliwa moja moja.

Hali ya gemu siku ya kwanza inataka maelezo marefu zaidi, maana hapa ndipo watu wengi huumia. Cyberpunk 2077 ilitoka tarehe 10 Desemba 2020. Nakala walizopewa wakaguzi kabla ya siku hiyo zilikuwa za kompyuta, kwa hiyo sifa zote zilizosomwa zilikuwa za kompyuta. Waliolipia PS4 na Xbox One walifungua gunia peke yao, na kabla Desemba haijaisha Sony, wenye PlayStation, walikuwa wameiondoa dukani. Ilirudi Juni 2021. Hizo zilikuwa konsoli za mwaka 2013, zenye prosesa dhaifu na diski ya kuzunguka, zikiulizwa zibebe mji uliojaa watu na magari. Tangu hapo swali la kuuliza juu ya alama yoyote ya mkaguzi ni moja: imetolewa kwenye mashine gani? Kama mpaka usiku wa mwisho hakuna video hata moja iliyorekodiwa kwenye konsoli kama yako, chukulia kwamba inafichwa.

Kosa la pili ni kudhani kila mwendo mbaya unatokana na picha. Mijini, RPG kubwa hulemewa na prosesa: kila mpita njia ana njia yake, ratiba yake, mgongano wake. Dragon's Dogma 2 ya Machi 2024 ilionyesha hilo wazi. Porini ilikwenda vizuri, ukiingia mjini fremu zikaporomoka, na waliopunguza ubora wa picha hawakupata nafuu. Sura ya tatu ya Baldur's Gate 3, ndani ya jiji lenyewe, ilikuwa na tabia hiyo hiyo. Kwenye kompyuta kipimo ni rahisi: simama sokoni, shusha resolusheni mpaka chini kabisa. Fremu zisipopanda, kadi ya picha haina kosa, na kununua mpya ni kutupa pesa. Kwenye konsoli ujue kwamba ile hali ya kutanguliza mwendo mara nyingi hupunguza pikseli tu. Mjini haikusaidii sana. Runinga yenye VRR, inayobadilisha kasi yake ifuate fremu za gemu, huficha mtikisiko, lakini kwa PS5 inafanya kazi kuanzia herzi 48, chini ya hapo hakuna msaada.

Kompyuta ina ugonjwa wake binafsi, kukwama kwa nusu sekunde kila unapoingia sehemu mpya au kurusha uchawi ambao hujawahi kuutumia. Ni sheda, zile programu ndogo za kuchora, zinatengenezwa papo hapo. Konsoli huzipokea zikiwa tayari kwa sababu mashine zote ni sawa. Kompyuta yako haina pacha. Gemu ikikuonyesha mstari wa kuandaa sheda mwanzoni, iache imalize hata ikichukua dakika 15, na usishangae kuuona tena baada ya kusasisha draiva, ile programu inayoendesha kadi ya picha. Ndiyo sababu kusasisha draiva kunafaa kufanyika kabla ya kufungua gemu mara ya kwanza. Elden Ring ya Februari 2022 ilitoka na kukwama kwa namna hiyo kwenye kompyuta, na juu yake kikomo cha fremu 60. Wenye PS5 nao waligundua njia ya mkato: kucheza toleo la PS4 ndani ya PS5, picha ikiwa pungufu kidogo lakini fremu 60 zikitulia. Sevu ya PS4 ilihamia toleo la PS5, kurudi haikuwezekana, kwa hiyo aliyeanza na toleo jipya alikuwa amefunga mlango.

Sasa sevu. Xbox hapa wanaongoza konsoli zote: kila sevu inapanda wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni, bure, bila kuombwa. Steam ni bure pia kwa gemu zinazoiunga mkono, na faili liko kwenye diski yako, unaweza kulinakili kwenye flashi. PS5 hairuhusu kunakili sevu za PS5 kwenye USB. Wingu lake ni la wenye usajili wa PS Plus, yaani la kulipia. Konsoli ikifa nawe huna PS Plus, saa zako 90 zimekwenda nayo. Kwa gemu ya saa mia hilo ni doa kubwa, na ajabu ni kwamba halisemwi sana. Switch 2 nayo inadai usajili wa Nintendo Switch Online.

Wanaotaka kuanza kwenye konsoli na kumalizia kwenye kompyuta waangalie kama gemu ina akaunti yake yenyewe ya kuhamishia sevu. Baldur's Gate 3 inafanya hivyo kwa akaunti ya Larian, watengenezaji wake, Cyberpunk nayo ina mpango wake. Ila sevu ndiyo inayohama, gemu hununuliwa mara mbili. Na sevu ya Cyberpunk iliyochezwa ukiwa na nyongeza ya Phantom Liberty haifunguki mahali ambapo hujainunua nyongeza hiyo. Sevu zenye modi (mabadiliko yanayotengenezwa na wachezaji) ambazo konsoli haina nazo hukwama njiani.

Jukwaa lolote utakalochagua, usitegemee sevu za moja kwa moja pekee. Weka za mkono walau tano zikizunguka, moja iwe na umri wa saa tatu au nne, maana hitilafu ya kazi uliyopewa ndani ya gemu mara nyingi huigundua ukiwa umeshapita mbali. Skyrim ya PS3, Novemba 2011, ilikuwa ikizidi kuwa nzito kadiri faili la sevu lilivyonenepa. Kumbukumbu ya PS3 ilikuwa imegawanywa megabaiti 256 kwa 256, ilhali Xbox 360 ilikuwa na 512 za pamoja. Gemu ile ile, saa ile ile, mmoja anatembea na mwenzake anaburuta mguu.

Kuhusu gemu kuchelewa kufika kwenye jukwaa lako: kelele ni nyingi kuliko hasara. Baldur's Gate 3 ilitoka kwenye kompyuta tarehe 3 Agosti 2023, ikafika PS5 tarehe 6 Septemba ikiwa imeshatiwa viraka viwili vikubwa vya marekebisho. Xbox walisubiri mpaka Desemba, kisa Series S na kumbukumbu yake ya gigabaiti 10 dhidi ya 16 za Series X. Kucheza wawili kwenye skrini iliyogawanywa kulishindikana, na Series S ilikipata kipengele hicho mwaka 2025. Mwenye Series S azoee kuwa wa mwisho. Final Fantasy XVI ilianza na PS5 Juni 2023, ikafika kompyuta Septemba 2024 na Xbox Juni 2025. Starfield ilipotoka Septemba 2023 ilikuwa ya Xbox na kompyuta tu, na kwenye Xbox ilikuwa imefungwa kwenye fremu 30. Chaguo la 60 kwenye Series X lilikuja Mei 2024. Aliyengoja alipata gemu bora zaidi.

Nafasi ya diski ipimwe siku tatu kabla. Baldur's Gate 3 inadai gigabaiti 150 kwenye kompyuta. Series S ya gigabaiti 512 inakuachia takriban 364, na diski ya nje ya USB itatunza gemu za kizazi hiki bila kuziendesha. PS5 inakubali diski ya ziada ya ndani, aina ya M.2 ya PCIe 4.0 yenye kipozajoto. Switch 2 inataka kadi ya microSD Express, kadi ya zamani haitaendesha gemu zake. Ukinunua kasha la Switch 2, soma mbele kama ni kadi ya ufunguo: hiyo haina gemu ndani, itakupeleka kwenye kupakua. Cyberpunk ilikuja nzima kwenye kadi ya gigabaiti 64, na ndivyo inavyopaswa. Kwenye Steam, gemu iliyopakuliwa mapema imefungwa kwa siri. Saa ya kutoka inafunguliwa ndani ya kompyuta yako, kazi inayoelemea diski na prosesa na kutaka nafasi ya ziada. Kwenye diski ya kuzunguka unaweza kusubiri muda mrefu kuliko aliyeanza kupakua saa ile ile kwa intaneti nzuri.

Hukumu, basi. Ikiwa GOG wanayo na kompyuta yako ina prosesa ya kutosha, GOG. Bila hiyo, Steam. Asiyetaka kuhangaika na sheda achukue Series X, sevu yake iko salama. PS5 ni nzuri kwa utulivu wa gemu yenyewe, ila hesabu PS Plus kama sehemu ya bei. Switch 2, ngoja wiki mbili uone video.

Na aliyenunua diski, siku hiyo aunganishe intaneti kwanza. Kilichomo kwenye diski kilifungwa wiki kadhaa kabla, na kiraka cha siku ya kwanza ndicho chenye marekebisho. Kabla ya kubonyeza "mchezo mpya", tazama namba ya toleo kwenye pembe ya menyu; ikiwa bado inasoma 1.00, rudi nyuma usubiri upakuaji umalize.