Kigunduzi cha metali cha bei nafuu au cha ghali: uzoefu wangu katika fuo za Mombasa

Kwa miaka mitatu sasa, asubuhi zangu nyingi za Jumapili nimezitumia nikitembea ufuoni Bamburi na Nyali, hedifoni masikioni na kigunduzi cha metali mkononi. Katika muda huo nimemiliki vigunduzi viwili: kimoja nilikinunua kipya kwa shilingi 11,500, na cha pili nilikinunua kikiwa kimetumika kwa shilingi 62,000. Wanaonikuta ufuoni huniuliza swali lile lile, iwapo tofauti ya shilingi elfu hamsini na ushei inaonekana. Inaonekana, lakini haipo pale ambapo wengi huitarajia, na kwa sisi wa pwani jambo linaloamua ni kama mchanga unaokusudia kuutembea ni mkavu au umelowa maji ya bahari.

Cha kwanza ni cha aina ile inayouzwa mtandaoni kwa majina mengi ingawa kifaa ni kile kile, hivyo kulitaja jina hakutamfaa msomaji. Kilikuja na sahani ya duara inayostahimili maji, ambayo ndiyo hupitishwa juu ya ardhi kutafutia metali, mshale unaocheza kwenye kioo kidogo, vitufe vitatu vya kuzungusha na nafasi ya betri mbili za volti 9. Kisanduku chake cha mitambo hakikustahimili maji hata kidogo. Nilianzia chini ya mivinje ya Bamburi, juu ya alama ya maji kujaa, mahali ambapo familia hutandika mikeka siku za Idi na za Krismasi, na kwa kazi hiyo sina malalamiko. Mchanga wetu mweupe hutokana na matumbawe na una madini machache ya chuma, kwa hiyo hata kifaa dhaifu hutulia juu yake. Laiti ningeishi penye mchanga mweusi na mzito, wa aina ile iliyochimbwa titani kule Kwale, huenda ningekikatia tamaa tangu wiki ya kwanza.

Katika miezi miwili ya mwanzo niliokota sarafu nyingi, vizibo vya soda visivyo na idadi, misumari, hereni moja ya fedha, na kitu kimoja ambacho kilinifanya niipende kazi hii moja kwa moja. Kwa kina cha kiganja, karibu na mzizi wa mvinje, nilitoa duara la kijani lililogandana na chembe za mchanga. Sikulisugua, kwa sababu kusugua huharibu uso wa sarafu kuukuu, bali nililitia katika chupa ya maji safi nikarudi nalo nyumbani Kisauni. Baada ya kulowa siku mbili, tundu la katikati lilizibuka, na kando yake zikajitokeza pembe mbili za ndovu zilizopinda na mwaka 1952. Ilikuwa senti kumi ya Afrika Mashariki, ya zama za Mfalme George wa Sita. Mama mkwe wangu alipoishika aliigeuza mara kadhaa bila kusema neno, kisha akanieleza kwamba utotoni walikuwa wakimtungia sarafu kama hizo kwenye uzi anapotumwa dukani, zisimpotee njiani. Kwa hivyo simdharau mtu anayeanza na kifaa cha shilingi elfu kumi. Kinaweza kumpa furaha ya kweli, mradi abaki kwenye mchanga mkavu, uwanjani au shambani.

Taabu ilinipata niliposhuka hatua thelathini kuelekea majini. Siku ya pili ya Idi, shemeji yangu alivua pete yake ya ndoa ili awapake wanawe mafuta, akaipakata mapajani, kisha akainuka ghafla mtoto mmoja alipolia. Walikuwa wameketi Nyali kwenye mchanga uliolowa, maji yakiwa yamekupwa. Alinipigia simu, nikafika na kigunduzi changu baada ya nusu saa, na bahari ilikuwa tayari imeanza kurudi. Nilipoweka sahani chini, kifaa kilipiga kelele mfululizo. Nilipunguza usikivu wake hadi nusu, kikaendelea. Nilipoupunguza hadi kikanyamaza, nilijaribu juu ya sarafu ya shilingi kumi niliyoitupa mwenyewe mchangani, na hakikuisikia. Tulichimba kwa mikono mpaka maji yalipotufika magotini. Shemeji hakunilaumu, lakini uso wake wa siku ile sijausahau, wala pete haijapatikana mpaka leo.

Nilitaka kujua kwa nini. Kigunduzi cha aina hii hutuma uga wa sumaku unaobadilika maelfu ya mara kwa sekunde, na uga huo ukikutana na metali huzalisha mkondo mdogo wa umeme ndani ya metali hiyo, ambao nao hurudisha ishara iliyochelewa kidogo. Kiasi cha kuchelewa ndicho kinachokieleza kifaa kama kimekutana na msumari, dhahabu au shaba. Maji ya chumvi nayo hupitisha umeme, kwa hiyo mchanga uliolowa bahari hurudisha ishara yake wenyewe, na kwa bahati mbaya ishara hiyo hufanana na ya vitu hafifu kama karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara au pete nyembamba ya dhahabu. Kifaa kinachotumia masafa mamoja tu, yaani kasi moja tu ya kubadilika kwa uga huo, hakina cha kulinganisha nacho. Kifaa kinachotuma masafa kadhaa kwa pamoja hulinganisha majibu yake, na kwa kuwa chumvi haijibu masafa ya chini na ya juu kwa namna ile ile inavyojibu pete, kinaweza kuiondoa chumvi katika hesabu na kuibakiza pete. Hapo ndipo sehemu kubwa ya fedha ya ziada inapokwenda.

Cha pili nilichokipata ni cha masafa kadhaa: Minelab Equinox 800, ya kampuni ya Australia, iliyotoka mwaka 2018. Nilikinunua kutoka kwa mgeni mmoja wa Mtwapa aliyekuwa akirejea kwao. Kuagiza kipya kungenigharimu zaidi, kwani juu ya bei na usafiri kuna ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16, gharama ambazo mnunuzi wa mara ya kwanza huzisahau. Anayenunua kilichotumika asikubali kukijaribu sebuleni. Mimi nilimwomba muuzaji tushuke naye ufuoni maji yakiwa yamekupwa, nikakipitisha juu ya mchanga uliolowa, nikaizamisha sahani ndani ya maji ya kina cha goti, ndipo nikatoa fedha.

Wiki iliyofuata nilivilinganisha vifaa vyote viwili kwa pete moja, ya mke wangu, ambayo alikubali kunikopesha kwa sharti kwamba niifunge kwa mshipi wa kuvulia, na ncha ya pili ya mshipi niifunge kwenye kigingi. Niliizika katika mchanga mkavu kwa sentimita 10, kisha 15, kisha 20. Cha bei nafuu kiliisikia vizuri kwenye 10, na kwenye 15 nilisikia mnong'ono ambao nisingeusimamia kama nisingejua kuna kitu. Cha ghali kilikuwa wazi kwenye 15, na kwenye 20 kilitoa sauti hafifu lakini ya kurudiarudia. Tofauti yote, kwa hiyo, ni sentimita tano. Nilisikitika kidogo, mpaka nilipoelewa sababu yake: ishara ya kitu kidogo hudhoofika kwa kasi ya ajabu kadiri kinavyozama, kiasi kwamba kuongeza kina maradufu huhitaji ishara yenye nguvu mara 64. Hakuna kiwanda kinachoweza kukuuzia kina maradufu kwa bei maradufu, na tangazo lolote linaloahidi sarafu ya mita moja chini ya ardhi kwa kifaa cha aina hii lisikushawishi.

Kisha nikaihamishia pete kwenye mchanga uliolowa, hatua chache kutoka yanapokatikia mawimbi. Cha bei nafuu hakikuwa na maana hapo, kama siku ile ya Idi. Cha ghali, kikiwa katika programu yake ya ufuo, kilinyamaza kabisa juu ya mchanga mtupu, na kilipofika juu ya pete, ikiwa sentimita 15 chini, kikatoa mlio mmoja safi, wa kwenda na wa kurudi, na namba ile ile kwenye kioo, ile ambayo kifaa hukisia kwayo aina ya metali. Nilisimama pale nikikirudisha huku na huku kwa dakika nzima. Utulivu ule ndio niliolipia. Kifaa kinapokaa kimya pasipo na kitu, sikio lako huanza kuuamini mlio hafifu, na milio hafifu ndiyo yenye pete.

Isidhaniwe kwamba hakuna njia ya katikati. Mwenzangu mmoja wa Likoni hutumia Nokta Simplex+, ya kampuni ya Uturuki, ambayo hufanya kazi kwa masafa mamoja ya kilohezi 12, huzama hadi mita 3 kama ilivyo kwa Equinox 800, na ilipotoka mwaka 2019 iliuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya Equinox. Ina programu ya ufuo na uwezo wa kusawazisha ardhi, yaani kupuuza ishara ya madini ya ardhini, na mtumiaji mvumilivu anayekubali kupunguza usikivu huweza kuitembeza kwenye mchanga uliolowa na kupata vitu, ingawa hulipia utulivu huo kwa kupoteza sehemu ya kina. Kama ningekuwa na shilingi elfu thelathini na hamu ya ufuo, ningechagua kifaa cha namna hiyo kilichotumika, na cha elfu kumi nisingekigusa. Kama ningekuwa na shamba tu huko Kaloleni au Rabai, ningebaki na cha elfu kumi bila wasiwasi.

Kuhusu namba zinazoonekana kwenye kioo, ambazo wauzaji hupenda kuzisifu, napendekeza tahadhari. Dhahabu nyembamba huangukia karibu na namba za karatasi ya fedha na za vipete vya kufungulia mikebe ya soda, na hakuna kifaa, cha bei yoyote, kinachoweza kuzitenganisha kwa uhakika. Anayekataa kuchimba taka hatapata dhahabu. Sarafu zetu nazo zina mambo yake: shilingi moja za miaka ya karibuni hushikwa na sumaku, nimezijaribu mwenyewe, na namba zake kwenye kioo hurukaruka, kwa hiyo anayekiamuru kifaa kinyamazie chuma chote asishangae kwamba sarafu zimempita. Hapo kifaa cha ghali kilinisaidia kiasi, kwa kuwa sauti zake zina ngazi nyingi na sikio hujifunza, lakini ilinichukua miezi minne kujifunza, na katika miezi hiyo nilipata vitu vichache kuliko nilivyokuwa nikipata na kile cha zamani.

Gharama nyingine ni ndogo lakini hazikwepeki. Sepeto yenye matundu nilichongewa na fundi wa kuchomelea wa Kongowea kwa bati lisiloshika kutu, na inafanya kazi vizuri kabisa. Hedifoni ni lazima, kwa sababu upepo wa Kusi humeza milio. Baada ya kila matembezi kifaa chote huoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, pamoja na viungio vya mkono wake, na hili halisameheki hata kama umechoka.

Nizungumzie pia sheria, kwa kuwa Mombasa haifanani na ufuo wowote tu. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inakihesabu kuwa kitu cha kale chochote kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895, na anayegundua kitu cha kiakiolojia anapaswa kuwaarifu Makumbusho ya Taifa. Senti yangu ya 1952 haimo humo. Pesa ya shaba ya Mombasa ya mwaka 1888, ile yenye mizani, imo. Karibu na Ngome ya Yesu, Mji wa Kale, Jumba la Mtwana na magofu mengine sipeleki kifaa changu kabisa, hata kama hakuna askari wa kunizuia, kwa sababu kitu cha kale kikishang'olewa ardhini bila kumbukumbu ya tabaka lake, wataalamu hawawezi tena kukisoma. Penginepo mimi huomba ruhusa kwanza na kufukia kila shimo.

Wakati mzuri kwangu ni siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, ambapo tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4 na mchanga ambao kwa kawaida haufikiki hubaki wazi kwa saa mbili au tatu. Mvuvi mmoja mzee wa Bamburi ndiye aliyenifundisha kutazama mahali bahari ilipochota mchanga usiku na kuacha ngazi. "Vizito hubaki, mwanangu," aliniambia, "vyepesi ndivyo vinavyochukuliwa." Hapo ndipo ninapoanzia sasa, na hapo cha bei nafuu kisingeweza kunifuata.

Sijakiuza. Nimempa mpwa wangu wa Kilifi, ambaye hukitumia shambani kwa babu yake, na mwezi uliopita aliniletea kufuli la shaba lisilo na ufunguo, akiwa amelifunga katika kitambaa. Mimi, kila bamvua inapokutana na Jumapili, huanza matembezi yangu pale pale Nyali alipokuwa ameketi shemeji.