Nyota nne kwa wodi iliyonifunika blanketi la joto

Nilikatwa kipande cha utumbo mpana, upasuaji wa kufungua tumbo kabisa, nikalazwa siku sita. Hospitali siitaji. Naandika kwa ajili ya yeyote anayesubiri siku yake.

Jioni ya kuamkia upasuaji, daktari wa usingizi alivuta kiti akakaa. "Mama, mwili wako haujui kwamba huyu ni daktari. Kwake kisu ni kisu." Akanieleza kuwa habari za jeraha zikifika kwenye ubongo, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini na kotisoli, homoni za kuuandaa mwili kwa hatari. Moyo hukimbia, sukari hupanda, mwili huzuia maji na mkojo hupungua. Kotisoli hiyohiyo huzipunguza nguvu chembe nyeupe za damu, kwa hiyo kinga hushuka kwa siku kadhaa, wakati ambapo kidonda kinaihitaji kweli. Mimi nilikuwa nahofia maumivu tu.

Tangu hapo nikawa naelewa kila walichonifanyia. Kabla hata sijaingizwa chumba cha upasuaji walinifunika blanketi linalopulizwa hewa ya moto. Nilidhani wananibembeleza. Kumbe mwili ukipoa, mishipa ya ngozi hujibana, oksijeni haifiki vizuri kwenye kidonda, na chembe nyeupe huitumia oksijeni hiyo kuua bakteria. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996, wa wagonjwa 200 wa upasuaji kama wangu, ulikuta maambukizi ya kidonda kwa asilimia 19 ya walioachwa wapoe kidogo, na asilimia 6 tu ya waliotiwa joto. Ukiambiwa tarehe ya upasuaji, ulizia blanketi hilo. Usione haya.

Sina kisukari, lakini walinitoboa kidole mchana na usiku. Sukari ilipofika 10.4 (mmol/L) nilishtuka. Sista akanishika mkono: "Insulini ya kushusha sukari unayo, mama, ila kwa sasa mwili hauisikii." Siku ya nne ilisoma 6.1, bila dawa yoyote.

Figo nazo zilichungwa. Nina kilo 60, kwa hiyo walitaka angalau mililita 30 za mkojo kila saa, na sista yule alikuwa anachuchumaa kando ya kitanda, tochi mkononi, jicho usawa wa mistari ya mfuko. Sijawahi kuona mtu akisoma kitu kwa makini namna ile. Asubuhi swali lake la kwanza lilikuwa, "Umeshatoa hewa?" Utumbo hulala baada ya upasuaji, na hewa ndiyo dalili kwamba unaamka. Siku ya pili nilipojibu ndiyo, aliita mwenzake waje wafurahi pamoja. Walinisimamisha mapema, tangu siku ya kwanza, nikatembea hadi mlangoni huku nimekumbatia mto tumboni.

Nyota moja naiondoa kwa usiku wa pili. Mrija wa ganzi mgongoni ulichomoka, nikabonyeza kengele, nikakaa karibu saa mbili bila dawa. Nilitetemeka, mapigo yakafika 118. Maumivu ndiyo yanayoupigia ubongo kelele uendelee kumwaga homoni zilezile walizohangaika kuzituliza mchana kutwa. Zamu ya usiku ilikuwa na muuguzi mmoja kwa wodi nzima, na simlaumu yeye. Nimewaandikia wakubwa wake waongeze wa pili.