Maji kwenye tangi la pikipiki: uzoefu wangu na fundi wa Nyakato

Tathmini hii ninaiandika kwa ajili ya wenye pikipiki wa Mwanza na vijiji vya kando ya ziwa, hasa wale ambao vyombo vyao hulala nje na kukutwa asubuhi vimelowa mvua ya alfajiri. Huduma ninayoizungumzia ni ya fundi mmoja mwenye kibanda maeneo ya Nyakato, ambaye alikomesha tatizo la maji kuingia kwenye tangi langu la mafuta kwa kushughulikia tundu dogo lililo kando ya mfuniko, wakati wengine wote walikuwa wakiutazama mfuniko wenyewe.

Pikipiki yangu inatumia kabureta, kile kifaa kinachochanganya mafuta na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, na kazi yake kubwa ni kubeba dagaa kutoka Igombe kwenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba. Mfuniko wa tangi lake haukuchomoza juu, bali umekaa ndani ya kibakuli kilichozama kwenye mgongo wa tangi, na mvua ikinyesha kibakuli hicho hupokea maji kutoka pande zote. Kila baada ya mvua kubwa injini iliwaka vizuri, kisha njiani ikaanza kukohoa na kukosa nguvu, hasa nilipovuta mafuta kwa wingi kupanda mlima. Hali ilizidi kuwa mbaya kila nilipohamisha koki, yaani swichi ya kufungulia mafuta chini ya tangi, kwenda rizevu, ile akiba ya mwisho ya mafuta.

Muuza spea wa kwanza alisema mfuniko umechoka na akanitolea mpya wenye funguo zake, jambo ambalo lingenilazimu kutembea na funguo mbili tofauti. Wa pili alitaka kupaka silikoni kuzunguka mfuniko. Ushauri huo wa silikoni sikuupenda tangu mwanzo, kwa sababu silikoni ya kawaida ya madirishani huvimba na kumomonyoka ikikutana na petroli, na vipande vyake vikidondoka ndani ya tangi vitaishia kwenye koki au kwenye kabureta.

Fundi wa Nyakato alianza tofauti. Kabla ya kugusa mfuniko, alifunga koki, akalegeza skrubu ya chini ya bakuli la kabureta na kukinga mafuta yaliyotoka kwenye chupa nyeupe ya maji ya kunywa. Yalipotulia, matone yalionekana wazi chini ya chupa yakitembeatembea bila kuchanganyika na petroli. Alinieleza kwamba lita moja ya petroli ina uzito wa takriban robo tatu ya kilo, ilhali lita ya maji ni kilo kamili, hivyo maji yakiingia hukaa sakafuni mwa tangi. Mrija wa kawaida wa koki umeinuliwa kidogo juu ya sakafu hiyo, lakini njia ya rizevu huchota chini kabisa, na ndiyo maana ukihamia rizevu unayavuta maji yote yaliyokuwa yametulia. Maelezo hayo peke yake yalinitosha kumwachia kazi.

Hatua iliyofuata ndiyo iliyonipa imani zaidi. Alifunga mfuniko, akamimina maji kidogo kwenye kibakuli, kisha akainama kutazama chini ya injini. Hakuna kilichotoka, maji yalisimama pale juu yakiwa yamezunguka mpira wa mfuniko. Alinionyesha tundu dogo ukingoni mwa kibakuli, nje ya mpira huo, akasema kwamba kutoka hapo kuna kibomba chembamba kinachopita ndani ya tangi kutoka juu hadi chini bila kukutana na mafuta, na kwamba mwisho wake huvalishwa mpira wa kupeleka maji ardhini. Mpira wa mfuniko umewekwa kuzuia mafuta yasimwagike na maji ya kupita tu yasiingie, lakini maji yakisimama juu yake usiku kucha na tangi likapoa na kuvuta hewa, yatapata njia hata kama mpira ni mpya. Kwa hiyo mfuniko wa dukani ungenipa nafuu ya msimu mmoja, pengine hata huo usiishe.

Alitoa siti, akafungua boliti za tangi, akalimwaga mafuta na kuligeuza. Mpira wa chini ulikuwa umebanwa kati ya tangi na fremu hadi ukajikunja, na juu ya hapo kulikuwa na tope gumu lililochanganyika na sabuni ya kuoshea na mabaki ya wale wadudu wadogo wa ziwani ambao kila aendeshaye usiku kando ya ufukwe anawafahamu. Kijana aliyekuwa akimsaidia alikuwa ameshashika bomba la kompresa, lakini fundi akamzuia. Kibomba cha ndani kikiwa kimeliwa na kutu, upepo wa kompresa unaweza kukitoboa, na kuanzia siku hiyo kila tone la mvua litaingia moja kwa moja kwenye mafuta. Badala yake alichukua mshipi mnene wa nailoni, ule wa kuvulia sangara, akausukuma kutoka chini taratibu akiuzungusha mpaka ncha ikatokeza juu. Kwa mji wenye maduka ya zana za uvuvi kila kona, sikuona kifaa kinachofaa zaidi: ni kigumu kiasi cha kusukuma tope, lakini hakikwaruzi chuma kama waya wa breki.

Baada ya kuzibua aliziba mwisho wa chini kwa kidole, akakijaza kibomba maji na kumulika ndani ya tangi kwa tochi kuona kama ukuta wa kibomba unatoa jasho. Ulikuwa mkavu. Ndipo akasuuza tangi kwa petroli kidogo, akabadilisha mpira wa mfuniko na kuvalisha mpira mpya wa chini, akiupitisha nyuma ya injini, mbali na ekzosi. Alisisitiza uwe mpira wa mafuta, si ule wa kawaida wa maji, kwa kuwa petroli inayomwagika wakati wa kujaza kituoni nayo hupita humo humo, na haifai kudondokea chuma cha moto. Alikagua pia tundu la pumzi la mfuniko, ambalo ni jambo jingine kabisa: hilo likiziba, tangi hukosa hewa na mafuta hugoma kushuka, dalili ambayo wengi huidhania kuwa ni maji.

Nililipa shilingi 20,000 pamoja na mipira yote miwili, bei ambayo naiona ya haki. Kasoro zipo. Hakutaja gharama mpaka kazi ilipokwisha, hatoi risiti, na mpira wa mfuniko aliuchonga mwenyewe kutoka kwenye karatasi ya mpira. Unaziba vizuri, lakini ningependelea wa kiwandani hata kama ningeusubiri. Kibanda chake pia hakina paa la kutosha, kwa hiyo usimpelekee tangi la kufunguliwa siku yenye mawingu.

Mvua za vuli zimepita tangu wakati huo, na pikipiki haijakohoa tena. Lililobaki ni la waunda pikipiki: kwenye yangu tundu liko upande wa kulia wa kibakuli, wakati stendi ya pembeni huilaza pikipiki kushoto, hivyo maji kidogo hubaki upande usio na njia. Ninaiegesha kwa stendi kubwa inapolala nje, na kila inapooshwa ninamwaga kikombe cha maji pale juu kuangalia kama yanatoka chini. Kwa mwenye tangi ambalo kibomba chake cha ndani kimeshatoboka, fundi huyu atakuambia waziwazi kwamba hachomelei matangi yaliyokaa petroli, kwa kuwa mvuke unaobaki ndani unaweza kulipuka, na atakushauri utafute tangi jingine.