Mawe ya kunolea wembe wa kukunja: nilivyoliwa hela kabla sijajua lipi la kununua

Wakuu, mi ni fundi seremala, niko Dodoma hapa Chang'ombe, mwaka wa 17 huu riziki yangu ni randa na patasi, kwa hiyo mtu akianza kunifundisha habari za kunoa huwa namwangalia tu namwacha amalize. Patasi yangu ukiipitisha mkononi vinyweleo vinaanguka vyenyewe. Sasa hicho kiburi ndo kilichoniponza kwenye hii habari ya wembe.

Ilianza na vipele vya ndevu. Ninavyo tangu ujana, mashine ya saluni inanitoa vipele, na hivi viwembe vya kutupa vyenye nyembe tatu tatu ndo kabisaa, wembe wa kwanza unavuta unywele, wembe unaofuata unaukata chini ya ngozi, afu ukiota unajikunja unarudi ndani, shingo yote inakuwa kama ya kuku alonyonyolewa. Sasa mwaka juzi tunagawana vitu vya marehemu babu kule Mvumi, wenzangu wanagombea mbuzi, mi nikaangukia kisanduku cha bati. Ndani mna wembe wa kizamani ule wa kukunja, mpini mweusi, na kwenye shingo ya chuma pamegongwa neno Solingen. Babu alikuwa mtu wa reli, sijui aliupata wapi. Ila Solingen ni mji wa Ujerumani, wahunzi wa visu na nyembe tangu enzi na enzi, na hilo jina linalindwa na sheria ya kwao tangu 1938, huwezi kuligonga tu kwenye chuma chochote ukauza. Nikasema hiki chuma hakitupwi. Butu lakini! Usingekata nacho hata nyanya ya jana.

Nikakimbilia jiwe langu la karakana. Wote mnalijua, lile la kijivu lenye pande mbili, upande wa kukwaruza na upande laini, linauzwa kila duka la vifaa vya ujenzi. Nikanoa saa zima, nikapaka sabuni, nikajaribu shavu la kulia. Wakuu machozi yalinitoka, na si ya huzuni. Wembe ulikuwa haukati, unang'oa. Wife alisikia nimeguna akaja mlangoni akaniangalia na povu langu nusu uso akasema, baba, si uende tu kwa kinyozi.

Sababu niliijua baadae sana. Patasi unaishika wewe, pembe unaipanga wewe kwa mkono. Wembe wa kukunja haupangi kitu, unaulaza bapa, mgongo na makali vyote vinagusa jiwe kwa pamoja, yaani unene wa mgongo ndo unaopanga pembe. Uzuri wake ni kwamba hata mgeni hawezi kukosea pembe. Ubaya wake ni kwamba jiwe likiwa na kasoro, kasoro yote inahamia kwenye wembe. Na jiwe la seremala lilotumika miaka kumi lina bonde katikati kama kitanda cha kamba! Kwa hiyo wembe ulikuwa unaliwa huku mwishoni na huku mwanzoni, katikati jiwe haligusi hata kidogo. Ningenoa mpaka leo.

Sa mi kwa kutojua nikaona tatizo ni namba. Kwa mafundi wenzangu, namba za haya mawe ni kama za msasa, ikiwa kubwa chembechembe ni ndogo na jiwe ni laini. Nikasoma soma mtandaoni nikaona watu wanamalizia wembe kwenye 12000, basi nikatafuta 12000. Nikampata muuzaji mmoja wa mtandaoni, elfu thelathini na tano, jiwe limeandikwa 12000 kwa wino kwenye boksi, likaja kwa basi nikalifuata stendi ya Nanenane na furaha zangu zote. Nikanoa. Wembe ukang'aa! Nikajiona kwenye makali kama kioo. Nikapaka sabuni.

Uleule. Unang'oa.

Nikaenda kwa fundi saa mmoja pale Majengo nikamwazima ile lenzi yake ya kubana jichoni, nikaangalia makali juani. Aisee. Ile sehemu inayong'aa haikuwa imefika kwenye ncha. Niliona utepe wa kung'aa, afu pembeni yake kabisa kuna uzi mwembamba wa rangi ya kijivu, hapo ndo ncha yenyewe na hapo hapajaguswa na jiwe lolote. Na kwenye huo utepe wa kung'aa kuna mikwaruzo mitatu minne mirefu, mikubwa, haiwezi kutoka kwenye jiwe la 12000 la kweli. Nilimwandikia muuzaji kwa upole tu, alisoma akanyamaza, mpaka leo kanyamaza.

Hapo ndo nikaelewa kitu ambacho kama seremala nilitakiwa nikijue siku ya kwanza. Huwezi kupaka vanishi ubao ambao hujaupiga randa. Kwenye wembe kazi yote iko kwenye jiwe la kwanza, la 1000. Kuna nyuso mbili za makali, ya kushoto na ya kulia, zinatakiwa zikutane pale nchani urefu wote wa wembe. Zikikutana, mawe yanayofuata ni ya kulainisha tu. Zisipokutana, hata uwe na jiwe la milioni unang'arisha mabega ya makali tu, ncha huigusi.

Kwa hiyo jiwe nililoanza nalo upya ni King 1000/6000, la Japani, mawe mawili yamegundishwa, upande mmoja mwekundu mwekundu wa 1000 na mwingine mweupe wa 6000. Kuna jamaa yangu alikuwa anarudi kutoka nje akanibebea, nikaenda kulichukua Dar na SGR asubuhi nikarudi jioni, ukijumlisha na nauli ilinitoka kama laki moja na nusu. Ni jiwe la kawaida, wapishi wanalitumia kunolea visu, wala si la kifahari. Kwangu ndo limefanya kazi kubwa kuliko yote.

Ila usilitoe kwenye boksi ukanoa! Hata likiwa jipya lipige usawa kwanza. Mi nilichukua kipande cha kioo cha milimita 6 kilichobaki kwenye kazi ya dirisha, nikalaza msasa wa maji namba 220 juu yake, nikamwagia maji. Afu chukua penseli chora mistari ya kukatana jiwe zima kama daftari la hesabu, lisugue juu ya msasa mara kama ishirini, tazama. La kwangu mistari ya pembeni ilifutika yote, katikati ikabaki duara kama sarafu ya mia mbili. Yaani jipya kutoka kiwandani nalo lina kabonde. Nikachora tena nikasugua tena mpaka mistari inafutika yote kwa pamoja, hapo ujue jiwe limekaa. Na sio mara moja kwa maisha, King ni laini linaliwa haraka, mi nachora penseli kila nikitaka kunoa kwa 1000.

Loweka upande wa 1000 mpaka mapovu yaishe kutoka, ule wa 6000 unyunyizie maji tu inatosha. Kingine, paka makapeni kwenye makali yote, piga mara tatu nne juu ya jiwe afu angalia. Wino ukibaki mahali, hapo jiwe halijafika. Hii makapeni ya buku imenisaidia kuliko video zote. Wembe wa babu ulinichukua jioni mbili kwenye 1000 mpaka wino ukawa unatoka wote, maana lile jiwe la bonde lilikuwa limeshaharibu. Mgongoni nilibandika tepu ya umeme, tabaka moja, ili mgongo usilike bure. Makali ndo yanatangulia ukisukuma, na mkono mwepesi, seremala tuna tabia ya kukandamiza, acha. Ukikandamiza wembe unapinda, ni mwembamba ule, afu makali yanainuka hayagusi sawasawa.

Toka 1000 nikahamia 6000, kama mara hamsini hivi, uzito wa wembe wenyewe tu. Nikapiga ngozi (yaani kuupitisha wembe kwenye mkanda wa ngozi, nitaeleza chini), nikanyoa. Nilinyoa wakuu! Mashavu safi. Shingoni ikawa inawasha washa, ukali upo ila ni ule ukali wenye hasira, mtu mwenye ngozi ngumu anaweza kuishia hapo asidaiwe na mtu. Mi na vipele vyangu nikaona nimalizie.

Ndo nikanunua Naniwa 12000, Mjapani mwingine, safari hii nikaagiza duka linalojulikana, bei imechangamka, laki mbili na themanini mpaka inafika mkononi. Lina rangi ya maziwa, ukiligusa ni kama sabuni ya kipande. Hili halilowekwi, maji kidogo juu basi. Tofauti nimeiona siku ya kwanza: pale 6000 wembe unasikika unakwaruza kwa mbali, pale 12000 hausikiki, unateleza na mwisho mwisho unahisi kama unanata kwenye jiwe. Ukianza kunata, malizia mara kumi tena bila nguvu kabisa, kapige ngozi. Shingo yangu sasa hivi wiki ya tisa haina kipele kipya. Wengi wanapitia 3000 au 5000 na 8000 katikati, ni ngazi nzuri na ukiwa na hela zipande zote, mi nimeruka toka 6000 kwenda 12000 na sijajuta, ila inabidi utumie muda mrefu zaidi kule juu.

Kuhusu mawe ya asili. Kuna yale ya Ubelgiji, yale ya manjano yanaitwa coticule, yana vijipunje vya ganeti (madini magumu) ndani ndo vinavyokata. Kuna ya Arkansas Marekani, kuna ya Kijapani ya kuchimbwa kule Kyoto ambayo bei zake unaweza ukanunua kiwanja Nala (natania kidogo). Watu wanayasifia sana na siwapingi, shida ni kwamba jiwe la mlimani halina namba, kila kipande na tabia yake, sasa wewe hujajua hata wembe uliokamilika unakuwaje utajuaje kosa ni la jiwe au la mkono? Anza na ya kiwandani. Na kwa wale watakaouliza kuhusu miamba yetu, maana Dodoma mawe hatununui, nishajaribu. Babu alikuwa ananoa shoka juu ya mwamba nyuma ya nyumba na shoka lilikuwa linakata. Lakini ni granaiti ile, punje zake unaziona kwa macho, nyingine ngumu nyingine laini, shoka sawa, wembe utatoka na meno kama msumeno.

Sasa hii ni ya watu wa Dodoma tu. Upepo. Kuanzia mwezi wa saba vumbi la huku linaingia hata kwenye friji. Mara ya kwanza natumia Naniwa nilikaa barazani jioni, kiti changu, beseni langu, raha. Niko mara ya kumi na tano hivi nikasikia kwaruu. Punje moja ya mchanga. Nikaangalia kwa lenzi, makali yana pengo dogo na jiwe la laki mbili na themanini lina mfereji. Nilikaa kimya kama dakika tano. Ikabidi kurudi 1000, mwanzo kabisa. Siku hizi nanoa usiku jikoni, madirisha yamefungwa, watoto wamelala, nimeshapiga deki, na kila nikihama jiwe naosha wembe na mikono, maana punje ya 1000 ikibebwa hadi 12000 nayo ni mchanga tu.

Maji nayo. Ya kisima cha mtaani kwetu yana chumvi, yakikaukia kwenye wembe asubuhi unakuta madoa ya kutu, hizi nyembe za zamani si stenlesi. Natumia ya kunywa, lita moja inatosha, afu nafuta kwa kitambaa na kupaka mafuta ya cherehani tone moja. Na mawe usiyaanike juani. Jua la saa saba la hapa linakausha nguo nusu saa, jiwe likikaushwa hivyo linapasuka. Kivulini, limesimama kwa ubavu.

Ngozi ya kupigia sikununua, fundi viatu wa Sabasaba kanikatia mkanda wa ngozi ya ng'ombe elfu kumi na tano, hapo unaenda kinyume, mgongo ndo unatangulia, mara hamsini kabla ya kila kunyoa. Ukiwa mvivu wa ngozi utarudi kwenye jiwe kila wiki. Mi Naniwa naigusa kila baada ya wiki sita hivi, King 1000 sijaigusa tangu ile siku ya mchanga.

Shemeji yangu ameshaniomba mara mbili nimwazime huo wembe siku moja tu akanyolee harusi. Wembe haukopeshwi ndugu yangu, damu haina undugu kwenye makali, nimemwambia mawe achukue hata leo anoe wa kwake. Akaniuliza na lile la boksi la 12000 je. Hilo nimeshampa mama mkwe kule Kongwa, ananolea jembe, anasema ni zuri sana.