Programu ya historia ya tenzi: sauti tamu, lakini Newton wamempindisha

Naandika nikiwa na hasira, na sitaki zipoe kwanza. Nililipia programu ya simu inayosimulia historia ya tenzi na maana yake, utenzi mmoja mmoja. Ina nyimbo ngapi na inakula nafasi kiasi gani, hayo utayasoma unapoipakua. Mimi nina neno na sehemu moja tu: "Amazing Grace".

Msimulizi anasema John Newton alikuwa nahodha wa meli ya watumwa, dhoruba ikampiga, akamlilia Mungu, akawafungua watumwa usiku uleule na kuandika wimbo meli ikiwa bado inayumba. Wameweka hadi mlio wa minyororo ikidondoka sakafuni. Tuni nayo, eti aliipata kwa kuwasikiliza watumwa wakiimba chini ya sitaha.

Si kweli! Dhoruba ilikuwa Machi 1748, na Newton hakuwa nahodha. Meli ile, Greyhound, ilibeba nta na pembe za ndovu. Hapakuwa na mtumwa wa kufunguliwa. Kumlilia Mungu alimlilia, sikatai. Lakini baada ya hapo akarudi kwenye biashara ileile, kwanza kama msaidizi wa nahodha, kisha akawa nahodha mwenyewe hadi 1754, na kilichomtoa baharini ni ugonjwa. Wimbo aliuandika akiwa kasisi mjini Olney, Uingereza, kwa ibada ya mwaka mpya wa 1773, alipohubiri kutoka 1 Mambo ya Nyakati 17, pale Daudi anapoketi mbele za Bwana na kuuliza yeye ni nani hata afikishwe hapo. Na hiyo tuni tunayoijua? Aliyeiunganisha na maneno hayo ni William Walker, huko Marekani, mwaka 1835. Newton alikufa 1807. Hakuwahi kuyaimba maneno yake kwa tuni hiyo.

Kinachoniuma si tarehe. Watu waliofungwa minyororo katika meli zake baada ya 1748 wamefutwa kabisa kwenye simulizi, ili sisi tupate dakika chache za kububujikwa. Newton mwenyewe hakuwafuta. Mwaka 1788, miaka 40 baada ya dhoruba, alichapisha kijitabu akaungama hadharani aliyoyafanya na kuyaona. Neema anayoiimba ilimchukua taratibu, ikamfumbua macho kidogo kidogo. Ukiifanya kazi ya usiku mmoja, wimbo unabaki mwepesi.

Nikawaandikia huduma kwa wateja, kwa adabu, nikawapangia miaka yote. Jibu lilikuja siku chache baadaye: "Ndugu msikilizaji, sisi tunajenga imani, hatusahihishi mitihani. Kama hupendi, futa programu." Basi. Hata asante hakuna. Imani gani inayojengwa kwa kusema uongo juu ya watu waliouzwa?

Hapo nilikuwa natoa nyota moja na kuondoka. Ila lazima niseme haki: sehemu ya "Ni Salama Rohoni Mwangu" ni kazi safi mno. Horatio Spafford aliyeandika maneno yake, mabinti zake wanne waliokufa maji meli ya Ville du Havre ilipozama 1873, mkewe Anna kuokoka peke yake, yote wameyasema polepole bila makelele. Wakaeleza kwamba Philip Bliss, aliyetunga tuni, aliipa jina la meli ileile. Kisha kwaya ikaimba beti zote, na kwenye kiitikio, wanawake wanapotaja salama, teno na besi zinawajibu kwa chini, bila haraka. Nililia. Nimeirudia mara nyingi, na kwa sehemu hiyo peke yake ningewapa nyota nne.

Lakini ndiyo inayonizidishia hasira! Kumbe wanaweza. Spafford wamempa ukweli wake, Newton wakamtungia hekaya, tena mwishoni wakampachika na ubeti unaotaja miaka elfu kumi ambao si wake, uliopata kujulikana kupitia riwaya ya Harriet Beecher Stowe ya 1852.

Nyota mbili. Wakiirekodi upya sehemu ya Newton nitaongeza. Kama umeshalipia, sikiliza Spafford, na ya Newton iruke, hasa kama unasikiliza na watoto.