Kibanda umiza cha Ilomba: picha safi, maelezo yana walakini

Ukiacha barabara kuu ya kwenda Tunduma ukashuka kidogo Ilomba, hapa Mbeya, kuna kibanda umiza, banda la kuonyeshea mpira, ambacho hakifungwi hata siku zisizo na mechi. Jumanne na Alhamisi jioni mwenyewe anachomeka flashi kwenye projekta, anashika maiki na kutafsiri, kama wanavyotafsiri filamu za Kichina. Tofauti ni kwamba anachoonyesha ni mastaa wa michezo waliochuja ghafla wakiwa bado wabichi. Kiingilio ni shilingi 500, bei ambayo siku hizi hainunui hata soda. Mtoto akija na sare za shule anarudishwa nyumbani, na hilo nampongeza.

Mimi nauza viazi Mwanjelwa. Nikifunga jioni masikio yamechoka kusikia watu wanaomba kupunguziwa, kwa hiyo napita pale kukaa na kusikiliza mtu mwingine akipiga kelele. Wanawake tuko wachache, lakini hakuna anayekusumbua. Vijana wa bodaboda wanakusogezea benchi, "karibu mama", basi.

Huduma yenyewe ni nzuri. Ukuta umepigwa rangi nyeupe tupu, picha inaonekana hadi nyuma. Umeme ukikatika, jenereta linawaka kabla watu hawajaanza miluzi. Mlangoni kuna mama anakaanga chipsi mayai na kachumbari haibanii, na ana kahawa ya Mbozi kali kwelikweli. Mabenchi ya mbele hayana egemeo, wahi ya nyuma. Mwezi wa sita na wa saba baridi inaingilia chini ya mabati, usije na kandambili. Choo, malizia nyumbani.

Sasa maelezo, maana ndiyo hasa unayolipia.

Usiku bora kabisa niliouona pale ulikuwa wa Filbert Bayi. Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974, mita 1,500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola. Kijana wa miaka 20, bunduki inalia, anaondoka zake mbele tangu mzunguko wa kwanza na kuacha pengo. Mtafsiri wetu akaacha utani, akawa anamwita kwa jina: "Filbert, usigeuke! Filbert, mzungu huyo anakuja!" Na kweli John Walker wa New Zealand anakuja, mita za mwisho anakaribia kabisa, lakini Bayi anakata utepe kwa 3:32.2, rekodi ya dunia. Walker wa pili naye kaivunja rekodi ya zamani na bado kashindwa. Vijana ambao hata baba zao hawakuwa wamezaliwa mwaka huo walipanda juu ya mabenchi kushangilia.

Halafu akaweka 1976. Bayi yuko kwenye ubora wake, Olimpiki ya Montreal inawasubiri yeye na Walker wamalizane. Timu ya raga ya New Zealand ikawa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, nchi za Afrika zikasusia Olimpiki kwa kuwa New Zealand iliruhusiwa kushiriki, Tanzania ikiwemo. Walker akachukua dhahabu kwa 3:39.2, sekunde saba polepole kuliko Bayi wa Christchurch. Hapo jamaa alizima maiki, akaacha watu wapige hesabu wenyewe. Aliposema tena ilikuwa Moscow 1980: Bayi fedha katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui fedha ya mita 5,000. Hadi Paris 2024 Tanzania haijaongeza medali nyingine ya Olimpiki juu ya hizo mbili. Kwa usiku ule ningelipa hata 2,000.

Tatizo ni siku nyingine. Ukimtoa Bayi, kwa huyu bwana kila staa ameangushwa na kitu kimoja, starehe. Pombe na wanawake. Ametunga na kibwagizo: anauliza "Nini kilimmaliza?" na banda zima linaitikia "Starehe!" Ukisikia mara ya kwanza unacheka. Ukikaa mpaka wa tatu unaanza kuwaonea huruma marehemu, na wengine wako hai.

Mchukue Adriano, yule mshambuliaji wa Brazil. Jamaa anaonyesha zile picha za kitambi na chupa, banda linavunjika mbavu. Hakusema kwamba Julai 2004 Adriano, miaka 22, ndiye aliyeisawazishia Brazil dakika za nyongeza kwenye fainali ya Copa América dhidi ya Argentina, wakashinda kwa penalti, na yeye akaondoka na ufungaji bora, mabao saba. Siku chache baadaye simu ikaingia, baba yake amefariki. Zanetti, nahodha wake katika klabu ya Inter Milan, amesimulia jinsi alivyoitupa simu na kulia kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia. Mwaka uliofuata bado alifunga mabao mawili fainali ya Kombe la Mabara, kwa hiyo mguu ulikuwepo. Chupa ilikuja, hakuna anayebisha, ila ilikuja nyuma ya msiba.

Nilimfuata watu walipotoka. "Mdogo wangu, mbona habari ya baba yake umeiruka?"

"Dada, ile inapoza banda. Watu wametoka kazini, wanataka kucheka."

Kanijibu kiungwana na pesa ni yake, lakini mimi pia nilitoka kazini.

Kwa Fernando Torres, mshambuliaji wa Hispania, hata starehe hakuipata, akabaki kusema "pesa ya Chelsea ilimlevya", na kijana pembeni yangu akaguna, "karogwa huyo". Jamani, goti! Mwaka 2010 peke yake goti la kulia lilipasuliwa mara mbili, Januari na Aprili. Januari 2011 Chelsea wakatoa pauni milioni 50 kumnunua. Sisi wa sokoni tunalijua gunia la aina hiyo: juu viazi vya kupigia picha, ukimwaga chini ndipo unajua ulichonunua. Kila mtu anacheka lile goli tupu alilokosa Old Trafford Septemba 2011, kipa kashampita. Kwenye mechi hiyohiyo alikuwa ameshafunga. Flashi ya jamaa haina hilo bao, nadhani amelikata.

Eden Hazard, winga wa Ubelgiji, naye alipewa wimbo wa baga. Ni kweli mwenyewe alikiri aliongezeka uzito likizo ya 2019 kabla ya kuanza Real Madrid. Lakini Novemba ile Meunier, Mbelgiji mwenzake, alimkanyaga kwenye mechi na PSG, na kifundo cha mguu hakikurudi kilivyokuwa. Mechi 76, mabao 7, akastaafu 2023 ana miaka 32.

Nisimwonee: kwa Henry Rono, mkimbiaji wa Kenya, pombe ilikuwepo kweli. Rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978, halafu chupa. Ila hata yeye Olimpiki hakukanyaga, Kenya ilisusia ya 1976 na ya 1980 pia, na hilo halikutajwa.

Kinachoniudhi ni kwamba uwezo anao. Mtu aliyeweza kusimulia Christchurch vile hashindwi kusema "goti" kwenye maiki. Siku moja mzee mmoja alimtania aweke Mbeya City, timu yetu ya hapa, iliyopanda Ligi Kuu na kumaliza ya tatu msimu wa kwanza, 2013/14, kisha ikaporomoka taratibu mpaka kushuka daraja 2023. "Na hiyo nayo ni starehe?" Banda zima liliguna, mwenyewe akabadilisha flashi haraka. Hapa mjini kuna vitu havitaniwi.

Kwa hiyo nendeni. Thamani ya 500 ipo, mama wa chipsi peke yake anatosha kukuvuta. Siku za Waafrika wa riadha usikose. Siku za mpira wa Ulaya angalia picha, maneno chuja. Alhamisi ijayo kaahidi Marco van Basten, mshambuliaji wa Uholanzi: Ballon d'Or tatu, mechi ya mwisho fainali ya klabu bingwa Ulaya 1993 akiwa na miaka 28, miaka miwili ya kuhangaika na kifundo cha mguu, kisha akatangaza kuacha. Nimeshamwambia, akiniletea kibwagizo chake hapo nadai 500 yangu mbele ya watu.