"Hatuuzi maji": uzoefu wangu na ratiba ya kulipia ya maporomoko ya Jura

"Sisi tunauza ratiba, madam, hatuuzi maji."

Niliambiwa hivyo kwenye simu nikiwa nimesimama chini ya mwamba wa mita 65, kwenye milima ya Jura mashariki mwa Ufaransa, ambao nilimleta mama yangu auone ukimwaga maji. Mama alikuwa ameketi kwenye jiwe hatua chache kutoka nilipo, ananitazama usoni ajue naambiwa nini. Hajui Kifaransa, na nilishukuru Mungu kwa hilo.

Nieleze nilinunua nini. Ni huduma ya mtandaoni inayowapangia watu safari za miguu vijijini Ufaransa. Unawaambia uko na nani, mna siku ngapi, mna gari au hamna. Unalipa, kisha wanakutumia ratiba yenu: treni, vibasi, malazi, njia za kutembea. Jina lao silitaji. Mimi naishi Lyon, sina gari, kazi yangu ni kuhudumia wazee na zamu zinabadilika kila wiki. Muda wa kukesha nikitafuta basi gani linapita kijiji gani siku gani sina, ndiyo maana nililipa.

Mama anatoka Uru Mashariki, juu ya Moshi. Maporomoko ya Materuni yako huko huko kwao. Mlio wa maji yanayoanguka ameusikia tangu utotoni. Alipojua anakuja Ufaransa hakuuliza habari za Paris wala za maduka. Aliniambia, "Mwanangu, nipeleke nikaone maji yao yanaangukaje."

Na hapa naomba mnielewe vizuri, maana ndipo hasira yangu ilipo. Wakati nawaandikia hawa watu, viza ya mama ilikuwa bado haijaombwa na tiketi haijakatwa. Niliwauliza kwa maandishi: mgeni wangu anaweza kuja mwezi wowote kuanzia Machi hadi Novemba, niambieni mwezi upi maporomoko ya Jura yanapendeza zaidi. Wakajibu: Agosti, siku ni ndefu na hali ya hewa ni nzuri. Basi nikaomba viza ya Agosti na nikakata tiketi ya Agosti.

Sitaki kuwaonea. Mambo ya usafiri waliyajua. Treni kutoka Lyon hadi Lons-le-Saunier ilikuwa sawa. Kule vijijini kuna vibasi ambavyo havipiti mpaka uagize siku moja kabla, na walikuwa wametuagizia. Kibasi kilifika dakika ileile, dereva akashuka mwenyewe kumshika mama mkono. Walituonya kwamba jiko la mkahawa wa kijijini likifika saa nane mchana limefungwa hata ukiwa umekufa kwa njaa, kwa hiyo tukabeba mkate na kipande cha jibini ya Comté. Walitueleza kwamba njia tunayofuata ina mistari ya njano kwenye miti na mawe, na kwamba tukiona alama ya msalaba wa X tumekosea, turudi. Mama aliipenda sana habari ya mistari, akawa ananitangulia kuitafuta. Kwa hayo nilikuwa nimeshaamua kuwapa nyota tatu, labda nne.

Tukafika Hérisson. Ni mto mdogo, na jina lake kwa Kifaransa ni neno lile lile la kalunguyeye. Unashuka kwenye bonde lenye msitu, na kwenye kilomita tatu na kitu tu una maporomoko 31, makubwa kwa madogo. La kwanza ukitokea chini linaitwa L'Éventail, yaani kipepeo cha mkono cha kujipepea, kwa sababu maji yanajitandaza juu ya ngazi za mwamba kama ukili uliokunjuliwa. Kutoka kwenye maegesho ni mwendo wa dakika chache, hauna kilima. Maegesho yamejaa magari, watoto wanalia, watu wamebeba viti vya kukunja. Tunatembea, nasubiri kusikia mlio. Sisikii kitu. Nikafikiri ni kelele za watu.

Tulipotokea kwenye uwazi tukaona mwamba, mkavu, wa kijivu, na mabaka ya majani madogo ya kwenye mawe yaliyoanza kugeuka kahawia. Upande wa kushoto palikuwa na uzi wa maji, mwembamba kama kamba ya kiatu, unashuka ngazi moja, unapotea, unatokea tena ngazi ya tatu. Chini kabisa ulikuwa unadondoka tone kwa tone. Mama alienda akaweka kiganja pale, akangoja kidogo, akakirudisha na kukitazama. Kulikuwa na maji ya kunawa vidole.

Akaniuliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeogopa kuwaaibisha wenyeji, "Au leo zamu ya maji ni ya kijiji kingine?" Kwetu mifereji ina zamu: leo maji yanakwenda kwa huyu, kesho kwa yule, na mfereji wa jirani ukiwa mkavu hushangai. Mama kwa akili yake aliona lazima kuna mtu huko juu ameyafungulia kwingine. Sikuwa na jibu. Ndipo nikapiga simu.

Dada aliyepokea nilimsalimia vizuri, nikamweleza pole pole. Akasema ndiyo, Agosti huwa pakavu, miaka mingine hivyo. Nikamuuliza, mlijua? Akasema kila mtu anajua. Nikamwambia mimi nililipa ili nijue na mimi. Ndipo akanipa hiyo sentensi ya ratiba na maji. Kisha akaongeza kwamba njia ilikuwepo, kibasi kilifika, na malazi yalikuwa tayari, "kwa hiyo huduma mmeipata". Akanitakia mchana mwema, akakata.

Sasa niseme nilichokuja kukijua baadaye, ambacho mtu anayeuza safari za maporomoko alipaswa kukijua kuliko mimi. Milima ya Jura ni mawe ya chokaa. Chokaa ina nyufa na mashimo, inameza maji. Mvua ikinyesha vizuri au theluji ikiyeyuka, mto unajaa na maporomoko yote yanafunguka. Jua likiwaka wiki kadhaa, maji yanapungua na yaliyobaki yanazama ardhini kabla hayajafika kwenye mwamba. Siyo siri. Mzee mmoja wa pale, alikuwa na mbwa na fimbo, alituona tumesimama tu akatuambia bila kuulizwa: njooni masika yao, Machi au Aprili, au mvua za vuli zikishaanza. Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, alisema, unalisikia L'Éventail ukiwa bado maegesho. Mzee wa bure, na mbwa wake, kwa dakika mbili alitupa kile nilicholipia nisikipate.

Tuliendelea kupanda, maana mama alisema tusikae tukilia. Ratiba iliandika njia ni "rahisi". Ngazi za kupanda pembeni ya L'Éventail siyo rahisi kwa mama wa miaka 67 mwenye magoti mabovu, na habari za magoti nilikuwa nimewaandikia. Wangeweza kutuanzishia juu, upande wa Ilay, tukashuka taratibu. Hawakufanya hivyo. Tulifika Grand Saut, poromoko jingine la mto ule ule, nalo lina mita 60, likawa na maji kidogo afadhali, kama bomba lililoachwa wazi. Mama akapiga picha moja. Moja tu, yeye ambaye njiani alipiga picha ng'ombe kila malisho. Tukageuza.

Nilipowaandikia kudai pesa, walijibu baada ya siku nyingi wakanipa punguzo la asilimia kumi kwa ratiba nyingine. Nyingine ya kwenda wapi? Mama alikuwa ameshapanda ndege.

Nyota tatu nimezifuta. Nimebaki kati ya moja na mbili, na kila nikisoma tena ile barua pepe yao ya "Agosti, siku ni ndefu" naona hata moja ni nyingi. Kibasi kizuri kinachokupeleka mahali pakavu kimekusaidia nini?

Kwa ndugu zangu mnaofikiria safari kama hii: maporomoko ya nchi ya chokaa yafuateni baada ya mvua. Kabla hamjalipa mtu yeyote, pigeni simu ofisi ya utalii ya eneo hilo, mwanze na "bonjour" maana bila hiyo mazungumzo hayaanzi, halafu waulizeni swali moja tu: maji yakoje wiki hii? Tazameni picha watu walizopiga siku za karibuni, na tarehe zake. Picha zote kwenye ratiba yangu, nikizitazama sasa, miti ina majani machanga, ya masika. Hazikupigwa Agosti hata moja.

Mimi nilirudi peke yangu, mwezi wa kumi na moja hivi, nilipopata siku mbili za mapumziko baada ya wiki ya mvua. Sikununua ratiba. Kibasi niliagiza mwenyewe, simu ilichukua dakika nne. Maegesho yalikuwa matupu, nikashuka, na kabla sijafunga zipu ya koti nikausikia mlio, mzito, kama lori linalopanda mlima mbali. Nilipotokea kwenye uwazi ule ule, mwamba haukuonekana. Mweupe mtupu, kutoka juu mpaka chini, ngazi zote zimefunikwa, na ukungu wa maji unanipiga usoni nikiwa bado mbali. Lile jiwe alilokalia mama lilikuwa linapigwa na matone.

Nilirekodi video nikamtumia WhatsApp. Usiku alinijibu kwa sauti. Kwanza alicheka, akasema ee, sasa hayo ni maji, hayo hata Uru tungeyasalimia. Kisha akanyamaza kidogo, nikasikia kuku nyuma yake, akauliza, "Sasa mwanangu, mbona hukuniambia nije mwezi huu?"